Kiti Chekundu Uwanjani Chepilat

Inspekta Chemutai alifunga safari hadi Kericho mjini kutafuta sahihi, si maoni. Mwendesha mashtaka alikuwa amemwambia waziwazi asubuhi hiyo kwamba ile video ya tamasha haitaingia mahakamani mpaka mtu anayeijua kazi hiyo aitazame, aseme ni safi, na atie mkono. Kesho Onsongo, fundi wa sauti wa bendi ya roki ya Baridi Kali, aliyekuwa amezuiliwa wiki mbili kwa amri ya mahakama, angesomewa shtaka la wizi wa mabavu. Wizi wa mabavu si kesi ya kuiba kuku. Anayepatikana na hatia huko harudi nyumbani kesho kutwa.

Mjuzi mwenyewe alikuwa Mwalimu Priscillah Wanjiru. Alikuwa amefundisha muziki mpaka akastaafu, na sasa aliendesha kipindi cha bendi redioni na kuwa jaji wa shindano la video za laivu ambalo Baridi Kali walikuwa wameingia. Aliwakaribisha Chemutai na Koplo Oketch katika chumba kidogo chenye mazulia ukutani, runinga pana, na spika mbili zilizomfika Oketch kifuani.

"Umekuwa ukiitazama wapi hii video, Inspekta?"

"Kwa simu."

"Na spika ya hiyo hiyo simu?"

"Ndiyo."

"Basi bado hujaitazama," Mwalimu alisema, akachomeka flashi.

Oketch alikohoa ili asicheke. Chemutai hakupenda. Video ile alikuwa ameitazama mara nyingi kuliko alivyotazama picha za harusi yake. Alikuwa ameituma kwenye grupu ya familia na kuandika chini yake, "Watoto wetu hao." Vijana wanne wa nyumbani wakipiga roki uwanjani Chepilat, mashamba ya chai yakipanda mlima nyuma yao. Nani asingejivunia?

Kisha, kwa bahati aliyoiita nzuri, video hiyo hiyo ikawa ushahidi wake mkubwa. Jumamosi ya tamasha, giza lilipoingia, Mzee Johana, mlinzi wa ghala la kanisa karibu na uwanja, alikutwa amelala ndani ya mlango, kisogo kimepasuka. Kinanda na spika za kanisa zilikuwa zimetoweka. Kufuli haikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili tu, moja ya mchungaji, ambaye siku hiyo alikuwa mazishini Kipkelion mbele ya watu mia, na nyingine ya Onsongo, aliyekuwa akihifadhi mitambo yake humo. Mzee Johana alikuwa bado kwenye hospitali ya Kapkatet na hakuwa amemtambua hata mkewe.

Onsongo alipokamatwa alisema mvua ilivunja tamasha, na kwamba bendi nzima ilikuwa imejificha naye kwenye banda la kuuzia majani ya chai. Kipruto, mwimbaji na kiongozi wa bendi, alisema hapana, tamasha liliendelea mpaka mwisho na Onsongo alitoweka katikati. Zaidi ya wiki moja baadaye Kipruto akaleta video. Na kweli, tamasha liliendelea mpaka mwisho. Kuanzia wimbo wa tatu kamera iligeuka na kuonyesha mtambo wa kuchanganyia sauti, ile mikisa, ukiwa chini ya turubai. Kando yake palikuwa na kiti chekundu cha plastiki, kitupu. Oketch alikuwa amekizungushia duara kwenye picha waliyoiambatanisha na faili.

"Usiniletee hadithi za banda," Chemutai alikuwa amemwambia Onsongo alipojaribu kuendelea. "Hayo mengine utamwambia jaji."

Mwalimu Priscillah aliitazama video yote. Mara mbili alifumba macho. Ilipokwisha alivua miwani.

"Ni nzuri sana," alisema.

Chemutai akafungua kalamu.

"Na ndiyo shida yake. Tazama huyu kijana wa drams. Hapa anapiga kisahani kwa nguvu zake zote. Umesikia kisahani?"

Alirudisha. Fimbo ilishuka, kisahani kikatikisika, na sauti ya kisahani haikuwepo.

"Mwimbaji naye anaruka kutoka jukwaani, anakimbia mpaka kwa watu, anarudi. Pumzi yake haitetemeki. Anageuza uso kutoka kwa maiki, sauti haipungui. Wimbo wa kwanza mvua inanyesha na juu yao kuna mabati. Wewe ni mtu wa huku, Inspekta. Mvua ya Chepilat ikipiga bati unaweza kusikia hata jirani yako?"

"Huwezi."

"Hapa nasikia mpaka vidole vikiteleza kwa nyuzi za gita. Hii sauti ilipigwa studio. Kama ni wimbo wa redio, ningewapa alama zote. Kama ni laivu, ni aibu yao na ni aibu yangu, kwa sababu nilikuwa karibu kuwapa ushindi."

Chemutai alihisi subira ikimwisha. "Mwalimu, kurekebisha sauti si kosa la jinai. Mimi nataka picha. Picha ni za siku ile?"

"Picha si kazi yangu. Nimekwambia nilichosikia. Wewe tumia macho yako."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayemwachia mgeni rimoti. Chemutai akairudisha video mwanzo, akasogeza kiti, akatumia macho yake kweli kwa mara ya kwanza. Hakutazama gita wala nywele za Kipruto. Alitazama nyuma ya bendi.

Wimbo wa kwanza. Mvua, watu wamejifunika magunia na mifuko, na nyuma ya mpiga drams shamba la chai likiwa limechipua, vikonyo vyenye majani machanga ya kijani cheupe vimesimama juu ya kila mche, vinaomba mchumaji. Wimbo wa tatu. Watu wachache zaidi, jua kiasi, na nyuma ya mpiga drams shamba lile lile, mti ule ule wa mgravilea pembeni, lakini miche imelala tambarare, kijani kizito, bila kikonyo hata kimoja.

"Rudisha," alijiambia kwa sauti, ingawa rimoti ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Akarudisha. Akapeleka mbele. Akarudisha tena.

"Madam, ni nini?" Oketch aliuliza.

"Majani."

"Yamefanya nini?"

"Yamechumwa."

Oketch, mtoto wa ziwani asiyewahi kuchuma chai, aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Mimi naona green tu."

Chemutai hakucheka. Alikuwa amelelewa Kapkatet na kapu mgongoni. Kabla ya kujua kusoma alijua shamba lililofika kuchumwa na lililotoka kuchumwa. Hakuna mtu duniani anayechuma shamba zima la chai kati ya wimbo wa pili na wa tatu. Video ilikuwa ya siku mbili tofauti, na ushahidi huo ulikuwa umekaa kwenye simu yake muda wote, nyuma ya wale watoto aliokuwa akijivunia. Alihisi masikio yakimchoma. Mwalimu Priscillah alijifanya anatafuta kikombe, na hisani hiyo ikamwuma Chemutai zaidi.

Garini Oketch ndiye aliyeanza. "Sasa alibi ya hawa vijana imekufa. Kama hawakuwa jukwaani, walikuwa wapi? Huyu Steve Mureithi wa gita, si babake anauza vyombo vya umeme? Spika za kanisa zingepotelea hapo kama sukari kwa chai."

"Inawezekana."

"Na labda zile nyimbo za mwisho walirekodi mapema, mazoezi, wiki iliyotangulia. Onsongo hakuwa amefika."

"Kabla au baada," Chemutai alisema. "Hilo ndilo swali, Oketch. Kabla au baada." Alilirudia kimoyomoyo njia nzima mpaka Kapkatet. Kama ni kabla, kiti kile hakikuwa na maana yoyote. Kama ni baada, hakutaka kufikiria kama ni baada.

Nyumbani kwa kina Kipruto video ilikuwa ikichezwa. Sebuleni walijaa majirani, watoto wameketi sakafuni, na mama mtu akizunguka na birika.

"Chamgei, Inspekta!" mama alimsalimu, uso umemng'aa. "Umekuja kumsalimia msanii wetu? Kaa, kaa. Hata mchungaji ametazama, amesema ni kelele lakini ni kelele nzuri."

"Chamgei mising, mama. Nitakaa siku nyingine. Namwomba Kipruto kidogo hapo nje."

Kipruto alitoka akitabasamu. Tabasamu lilimponyoka alipoona Chemutai hasimami uani bali anaelekea ukingoni mwa shamba la chai la babake. Chemutai alishika kikonyo kilichosimama, akakivunja, akamwekea kiganjani.

"Hii ni wimbo wa kwanza," alisema. Kisha akamwonyesha upande wa pili wa njia, palipochumwa jana yake. "Na hii ni wimbo wa tatu. Wewe ni mtoto wa majani, Kipruto. Ulisahau?"

Kijana alitazama kile kikonyo kana kwamba kilikuwa cha moto.

"Madam, si tuongee ofisini? Mama asisikie."

"Ongea polepole, hatasikia. Tamasha lilikwenda vipi?"

"Lilikuwa mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Walitucheka, madam." "Mvua ilianza tu hivi tumepanda stage. Spika zikaanza kupiga mluzi, maiki inanishtua na stima. Wimbo wa pili watu wakaanza kutupa matope. Kuna mama alisema hata ng'ombe yake analia na key poa kuliko mimi. Uwanja wote ukacheka. Hatukufika wimbo wa tatu. Tulihepa."

"Mlihepa kwenda wapi?"

Kipruto alikikunja kile kikonyo kiganjani.

"Nimekuuliza."

"Kwa banda la majani."

"Nani na nani?"

"Sote. Mureithi alikuwa analia kama mtoto. Mimi nilikuwa nimefunika uso na jaketi."

"Onsongo?"

Upepo ulipita juu ya chai. Sebuleni majirani walishangilia, na sauti ya Kipruto mwenyewe, ile ya studio, ikawafikia pale nje, tamu, bila doa.

"Alikuwa na sisi," Kipruto alisema. "Yeye ndiye alikuwa anatutuliza. Alisema si makosa yetu, ni makosa ya sauti, na sauti ni yake. Alikubali kubeba hiyo lawama yote. Tulikaa huko mpaka giza, juu ya kuona aibu kupitia soko."

Oketch aliacha kuandika.

"Na ukaandikisha kwamba alitoroka," Chemutai alisema.

"Nyinyi mlikuja Jumapili asubuhi, mkauliza tamasha ilikuwa aje. Babangu alikuwa amesimama hapo. Wazee wa kanisa walikuwa hapo. Ningesema tulirushiwa matope? Nikasema ilikuwa sawa mpaka mwisho. Ndio mkauliza, mbona basi Onsongo anasema mvua iliivunja? Nikakosa la kusema. Nikasema labda alitoka. Nilidhani mtajua tu, madam. Nyinyi ni polisi. Nilidhani mtaona hana makosa mmwachilie, na mambo iishe."

Mficha uchi hazai, wazee walisema, ila hawakusema kwamba wakati mwingine uchungu wa uzazi humpata mtu mwingine kabisa. Chemutai alitamani kumzaba kofi. Kilichomzuia si sheria. Ni kwamba kijana alikuwa amesema kweli: wao walikuwa polisi.

"Hizo nyimbo za mwisho," aliuliza. "Mlizirekodi kabla ya tamasha au baada?"

"Baada. Jumamosi iliyofuata. Shindano lilikuwa linafungwa, na tulikuwa tushaambia kila mtu tunaingia. Tukakata pale pa matope, tukaita marafiki wakasimama kama mashabiki."

"Onsongo alikuwa wapi siku hiyo?"

Kipruto alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si mlikuwa naye?"

Chemutai alijua angeambiwa hivyo tangu Kericho. Kiti chekundu kilikuwa kitupu kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amemfungia mwenye kiti. Alikuwa amemtia mtu seli, kisha akatumia kutokuwepo kwake kuthibitisha kwamba alistahili kuwa seli.

"Kwa nini hamkumweka mtu hapo?" Oketch aliuliza, kwa sababu mkubwa wake alikuwa amegeuka kutazama mlima.

"Tulimwambia Mureithi akae kidogo aonekane kama soundman. Alikataa. Sote tulikataa. Hicho ni kiti cha Onsongo."

Walimchukua Kipruto kwa gari, wakampitia Mureithi dukani kwa babake. Mureithi hakuulizwa mara mbili. Alieleza yale yale, banda lile lile, matope yale yale, akilia tena, na babake akavuta mlango wa duka katikati ya mchana ili wateja wasione. Chemutai aliandika maelezo yao kwa mkono wake, akampigia mwendesha mashtaka, akasimama wima kwenye ushoroba wa kituo huku akisemeshwa maneno ambayo mtu wa cheo chake hasemeshwi. Hakujitetea. Alikuwa akiifikiria faili. Chepilat barabara ndiyo mpaka, upande huu Bomet na upande ule Nyamira kwa kabila jingine, na Onsongo alizaliwa upande ule. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika, "Mshukiwa ni mkazi wa ng'ambo ya barabara." Hakuna aliyemwomba aandike hivyo. Aliandika tu, kama vile ni ushahidi. Kipruto wa upande huu alipozungumza, hakumuuliza swali la pili.

Jua lilikuwa likielekea kuzama alipofika kwenye benchi ya kituo. Kemuma, mke wa Onsongo, alikuwa ameketi pale na kikapu chake kama kila siku ya wiki hizi mbili. Chemutai alikuwa amejifunza kumpita akiangalia simu. Leo aliiweka simu mfukoni.

"Mama, mzee wako anatoka."

Kemuma hakupiga kelele wala kushukuru. Aliuliza, "Anatoka kwenda korti ama anatoka kuja nyumbani?"

"Nyumbani."

"Sawa," Kemuma alisema. Akaanza kufungua kikapu, akafunga tena, kwa sababu chakula kilikuwa cha mfungwa na sasa hakujua ni cha nani.

Onsongo alitoka akiburuta viatu visivyo na kamba. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimemfanya mzee. Aliwaona Kipruto na Mureithi wamesimama ukutani na vichwa vimeinama, akawatazama.

"Mlisema?" aliwauliza.

"Tumesema," Kipruto alijibu. "Bro, nisamehe. Tulirekodi tena, tukaweka sauti ya studio..."

"Nionyeshe."

Hakuna aliyetegemea ombi hilo. Oketch akatoa simu yake. Onsongo alisimama kando ya mkewe akaitazama video, sikio limeinama kuelekea spika, kama fundi. Ilipofika wimbo wa tatu kamera ikageuka, na kiti chekundu kikaonekana.

"Mliacha kiti changu."

"Hakuna mtu alitaka kukikalia," Mureithi alisema.

"Mngekiondoa tu," Onsongo alisema, akarudisha simu.

Chemutai alimkabidhi mkanda na kamba za viatu. Alikuwa ameandaa maneno tangu Kapkatet, maneno kamili, ya kiofisi, kuhusu maelezo ya uongo na hatua zitakazochukuliwa. Yote yalimpotea. "Pole, Onsongo," alisema. "Tulidanganywa."

"Wao walikudanganya, ni kweli." Onsongo aliinama akaanza kufunga viatu. Alisema bila kupandisha sauti. "Lakini mimi nilikuambia ukweli, madam. Nilikuambia tulikuwa kwa banda la majani. Si hata mbali na uwanja. Uliwahi kwenda kuangalia?"

Kemuma aliinua macho.

"Sikuenda," Chemutai alisema.

"Ungeenda, ungeona. Ukisimama pale kwa banda, mlango wa ghala la kanisa uko mbele yako. Hawa walikuwa wameficha nyuso. Mimi ndiye nilikuwa nachungulia nje, nione kama watu wameisha sokoni. Niliona pikapu imesimama kwa mlango wa ghala, wanaume wawili wanapakia vitu wakifunika na turubai. Kufuli nilikuwa nimeiacha wazi nirudishe mitambo, Mzee Johana akilinda, nikadhani ni watu wa kanisa wanahamisha vyombo visinyeshewe. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kukwambia siku ile. Ukasema nitamwambia jaji."

Chemutai alikuwa ameshatoa kalamu.

"Pikapu ya rangi gani?"

"Nyeupe. Ama kijivu. Kulikuwa na mvua."

"Namba ya gari?"

Onsongo alimaliza kufunga kiatu cha pili. Alisimama, akachukua kikapu mkononi mwa mkewe.

"Siku ile uliponinyamazisha, madam, nilikuwa naijua yote," alisema. "Nilikuwa nairudia kichwani usiku kucha huko seli nisisahau. Sasa nakumbuka K tu, na hata hiyo K sina uhakika."